Nyanya Hana Nambari ya Ukurasa

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika insha ya utafiti kuhusu mila za Wakipsigis wa Kenya hakosi kukutana na vitabu viwili. Cha kwanza ni cha J. G. Peristiany, mwanaanthropolojia aliyechapisha mwaka 1939 uchunguzi wake kuhusu taasisi za kijamii za watu hao. Cha pili ni cha Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi miaka mingi katika vilima vya Kericho, ambaye maandishi yake yalihaririwa na A. T. Matson na kutolewa na East African Literature Bureau mwaka 1961. Ni vitabu vya kuheshimiwa. Vimehifadhi habari za marika, ndoa, mifugo na ibada ambazo leo hata wenyeji wengi wamezisahau, na hakuna mtafiti makini anayeweza kuvikwepa.

Lakini Peristiany hakuyazua aliyoyaandika. Aliambiwa. Orchardson naye aliambiwa. Kulikuwa na wazee walioketi nao, wakajibu maswali, wakasahihisha makosa, wakaeleza kwa nini jambo hili hufanywa hivi na si vile. Katika marejeleo ya insha zinazoandikwa leo, jina linalobaki ni la aliyeuliza. Aliyejibu amekuwa "Wakipsigis wanaamini kwamba".

Sasa mchukulie mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga, au wa Kenya Highlands mjini Kericho, au wa chuo cha Bomet kilichoanza chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Anaandika kuhusu jinsi mtoto wa Kikipsigis alivyopewa jina zamani: majina ya waliotangulia yalitajwa moja baada ya jingine hadi mtoto apige chafya, ndipo ikajulikana ni nani wa ukoo aliyerudi. Nyanya yake analijua jambo hilo kwa sababu alikuwepo, na si mara moja. Anamsimulia mjukuu jioni nzima. Kesho yake mjukuu anakwenda maktabani kutafuta kitabu kinachosema yaleyale, ili apate mwaka, mchapishaji na nambari ya ukurasa. Akikipata, anakinukuu. Nyanya hatajwi popote, ingawa ndiye aliyemfundisha, na ingawa mwandishi wa kitabu naye alifundishwa na nyanya au babu wa mtu mwingine.

Ukimuuliza sababu, atakwambia kwamba mhadhiri anataka chanzo. Na chanzo, kwa alivyofundishwa, ni kitu kilichochapishwa.

Hakujifunza hivyo kwa bahati mbaya. Katika vyuo vingi, kunukuu hufundishwa kwa hofu. Mwanafunzi huambiwa kuhusu programu inayopima ni asilimia ngapi ya kazi yake inafanana na maandishi ya wengine. Huambiwa mahali pa kuweka mabano, koma na herufi za mlazo. Huambiwa adhabu. Kwa hiyo anajifunza kujikinga, na hakuna anayemweleza kwamba kuna mtu mwingine anayepaswa kumkinga. Matokeo yake ni kwamba anaweza kuchukua wazo la mtu, akalibadilisha maneno hadi programu isilitambue, akapita salama. Programu huona maneno yanayofanana; deni hailioni.

Swali lililo chini ya kanuni hizo ni la kale kuliko chuo kikuu chochote, na lilikuwa la dini na falsafa kabla halijawa la mtindo wa uandishi. Neno likishasemwa, ni la nani? Na anayelipokea ana deni gani, kwa nani?

Jibu moja, lenye nguvu katika nchi ya makanisa kama Kericho na Bomet, ni kwamba kweli yote ni ya Mungu. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1930, imekua bega kwa bega na Kanisa la Africa Gospel, na watu wa hapa wamelelewa kwa mahubiri. Mhubiri anayesimama mimbarani hatoi tanbihi. Kisa alichokipata kwa mhubiri mwenzake hukitumia kama chake, na waumini hawaoni kwamba kuna aliyeibiwa. Ikiwa ujumbe ni wa Mungu, mjumbe atadai nini?

Aliyelitetea wazo hili kwa kina alikuwa Mwafrika. Agostino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliyefariki mwaka 430, alifikia mwishoni mwa kitabu chake kuhusu mafundisho ya Kikristo swali la mhubiri anayejua kusema lakini hawezi kutunga. Alimruhusu akariri hotuba nzuri iliyotungwa na mwingine na kuitoa kwa watu. Pingamizi alilijua, maana katika Yeremia, sura ya 23, Mungu anawakemea manabii wanaoibiana maneno yake. Agostino alijibu kwamba neno la Mungu si mali ya mwingine kwa mtu anayelitii. Mwizi ni yule anayelisema vizuri huku akiishi kinyume chake.

Hoja hiyo ni nzito, na uzito wake umeonekana hata katika zama za karibu. Martin Luther King alikulia katika mila ya mimbari ya Wamarekani weusi, ambamo wahubiri walishirikiana visa, mifano na hata mafungu mazima ya maneno. Mwaka 1955 alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Boston kwa tasnifu iliyolinganisha jinsi wanatheolojia Paul Tillich na Henry Nelson Wieman walivyomfikiri Mungu. Mwaka 1991 kamati ya chuo hicho ilithibitisha kwamba sehemu za tasnifu hiyo zilichukuliwa kwa wengine bila kutajwa ipasavyo. Shahada haikufutwa, ila barua ya kueleza matokeo iliambatanishwa na nakala iliyoko maktabani. Ukuu wa King kama mhubiri na mpigania haki unabaki palepale. Hata hivyo, desturi iliyokuwa halali mimbarani ilikuwa kosa chuoni, na inafaa kuuliza kwa nini, badala ya kusema tu kwamba kila mahali pana sheria zake.

Mhubiri anatoa wito. Msikilizaji anaweza kuupima kwa Maandiko aliyoyashika mkononi na kwa dhamiri yake mwenyewe, hata asipomjua aliyeutunga. Mtafiti anatoa ushahidi. Anamwomba msomaji akubali kwamba jambo fulani lilitokea, au liko hivi, mahali ambapo msomaji huyo hakuwepo. Hapo jina likiondolewa, uwezo wa kupima unaondoka nalo. Ukweli hauna mwenyewe: mbili na mbili ni nne hata zikihesabiwa na mwongo. Ushahidi una mwenyewe, kwa kuwa thamani yake yote imetokana na mtu fulani kuwa mahali fulani, kuona au kusikia, na kuwa tayari kuulizwa zaidi. Anayeunyakua ushahidi huo na kuuandika kama wake hajamnyima mwenzake sifa tu. Amemwondoa shahidi kizimbani na kusimama mwenyewe mahali ambapo hakuwa na haki ya kusimama.

Wakazi wa nchi hii ya chai wanajua gharama ya shahidi kuondolewa. Tangu miaka ya 1920 ardhi ya Wakipsigis ilikuwa ikigeuzwa mashamba makubwa ya kampuni za Uingereza. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Laibon, yaani viongozi wa ibada, na familia za ukoo wa Talai zikahamishwa kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mbali na jamaa zao. Kwa miaka mingi habari hizo zilisimuliwa majumbani, na serikali baada ya serikali ikazipita kama manung'uniko. Zilipofikishwa mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo mwaka 2019 ilikubali kwamba dhuluma ilitendeka na ikatoa mapendekezo yake, zilikuwa na sura nyingine: kulikuwa na sheria na hati za wakoloni wenyewe, na kulikuwa na watu walioeleza yaliyowapata wao na wazazi wao. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walieleza hadharani wasiwasi wao, na mwaka 2022 malalamiko ya Wakipsigis na Watalai yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Mwanafunzi anayeandika kwamba "inasemekana Watalai walihamishwa" hajasema uongo. Lakini amewarudisha watu hao kwenye uvumi waliohangaika kutoka ndani yake. Sheria ya 1934 ina jina na mwaka. Uamuzi wa 2019 una tume iliyoutoa. Mzee aliyezaliwa Gwassi ana jina na ukoo. Kuviandika vyote hivyo ni kuwahesabu wahusika kuwa mashahidi, na hicho ndicho walichokuwa wakikidai.

Maandiko yenyewe yamejaa uangalifu wa aina hii, hata kama mimbari hazina tanbihi. Luka anaianza Injili yake kwa kumweleza Theofilo kwamba wengine wameandika kabla yake, kwamba habari zilitoka kwa waliojionea tangu mwanzo, na kwamba yeye amezichunguza na kuzipanga. Mistari minne tu, na ndani yake mna kazi zilizotangulia, chanzo cha kwanza na njia ya utafiti, mambo yaleyale anayodaiwa mwanafunzi mwanzoni mwa tasnifu yake. Paulo, akiwaandikia Wakorintho kuhusu ndoa katika sura ya saba ya waraka wa kwanza, anatenganisha waziwazi amri aliyoipokea kwa Bwana na ushauri anaoutoa mwenyewe. Angeweza kuyafunika yote kwa mamlaka ya Bwana, na wasomaji wake wasingejua. Hakufanya hivyo. Kosa analolikwepa hapo halitajwi sana vyuoni, nalo ni kumtwisha mtu mkubwa maneno yetu ili yapate uzito usio wake.

Kisa kinachogusa zaidi ni cha Esta. Mordekai aligundua njama ya watumishi wawili waliotaka kumuua mfalme Ahasuero. Alimwambia Esta, na Esta akampasha mfalme habari hiyo kwa jina la Mordekai. Alikuwa malkia, sifa ya kuokoa maisha ya mfalme ingemfaa yeye. Jina likaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu na kusahaulika. Halafu usiku mmoja mfalme akakosa usingizi, kitabu kikasomwa mbele yake, jina likasikika, na mambo yakaanza kugeuka hadi Wayahudi waliokuwa wamepangiwa kuangamizwa wakaokoka. Kutokana na kisa hiki walimu wa Kiyahudi walitoa fundisho, lililomo katika sura ya sita ya Pirkei Avot, kwamba anayelisema jambo kwa jina la aliyelisema huuletea ulimwengu ukombozi. Neno "ukombozi" linaweza kuonekana kubwa mno kwa kazi ndogo kama hii. Walichokiona walimu hao ni kwamba jina likihifadhiwa kwa uaminifu linaweza baadaye kufanya kazi ambayo aliyelihifadhi hakuwa ameikusudia.

Waislamu walilijengea jambo hili elimu kamili. Wakusanyaji wa hadithi za Mtume, kama Bukhari aliyefariki mwaka 870 na Muslim aliyefariki mwaka 875, hawakuridhika na maneno matupu. Kila hadithi ilitanguliwa na isnadi, yaani orodha ya wapokezi: fulani alisikia kwa fulani, naye kwa fulani, hadi kwa Mtume. Wanachuoni wakawachunguza wapokezi hao mmoja mmoja. Aliishi lini? Je, aliwahi kweli kukutana na yule anayedai kumsikia? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Aliwahi kujulikana kwa uongo? Isnadi ikikatika, hadithi ilihesabiwa dhaifu hata kama maneno yake yalipendeza. Abdallah bin Mubarak, mwanachuoni wa karne ya nane, aliihesabu isnadi kuwa sehemu ya dini, maana bila hiyo kila mtu angesema alitakalo. Kwa mtazamo huu elimu ni amana. Aliyeipokea hana ruhusa ya kuificha, wala ya kufuta mikono iliyompitishia.

Kericho inakijua kisa cha jina linalofutwa njiani. Katika kituo cha kununulia majani chai, kila mkulima ana nambari yake na kilo zake huandikwa. Chai ikitoka kiwandani kwenda mnada wa Mombasa, kila fungu huuzwa na jina la kiwanda, daraja lake, BP1 au PF1, na nambari yake. Mnunuzi akikuta kasoro, anajua arudi kwa nani. Baadaye chai hiyo huchanganywa ng'ambo na nyingine na kuuzwa katika pakiti isiyotaja kilima chochote cha Kenya. Maarifa ya wazee wa hapa yalipita njia hiyohiyo: yaliondoka na majina, yakarudi katika vitabu yakiwa mchanganyiko.

Watafiti wa chai wenyewe hawana nafasi ya uzembe huo. Taasisi ya Utafiti wa Chai iliyoko Kericho ilitoa mwaka 2011 aina ya chai ya zambarau inayojulikana kwa nambari TRFK 306. Mwanafunzi wa kilimo akiandika kwamba "chai ya zambarau ina anthosayanini nyingi" bila kutaja ni mche gani, uliopimwa na nani na kuchapishwa wapi, hajamsaidia yeyote, kwa kuwa kemikali za jani hubadilika kwa aina ya mche, mwinuko wa shamba na msimu. Rejeleo lake likikamilika, mtafiti wa Nandi au wa Sri Lanka anaweza kuirudia kazi na kutangaza kwamba matokeo si hayo. Kutaja chanzo ni kumwachia msomaji mlango wa kukusahihisha, na kwa hiyo kunahitaji unyenyekevu ambao hofu ya adhabu haiwezi kuufundisha.

Kuna pingamizi la pili, na hutolewa kwa fahari. Husemwa kwamba kwa Mwafrika maarifa ni ya jamii nzima, kwamba methali haina mtunzi, na kwamba kumtafuta mwenye neno ni tabia ya kigeni. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Methali inayojulikana na kila mtu haihitaji kutafutiwa mwenyewe. Lakini likiachwa lienee, linawadhulumu walewale linaojaribu kuwatukuza.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulionyesha hilo. Vitabu vilivyomtangulia, kuanzia kile cha mmisionari Placide Tempels kilichochapishwa Kongo mwaka 1945, vilizungumza juu ya falsafa ya watu wote kwa pamoja, kana kwamba wazo linaweza kuwa na jamii bila kuwa na mtu aliyelifikiri. Katika miaka ya 1970 Oruka alianza kuwatafuta wazee wenye hekima vijijini na kujadiliana nao. Alipochapisha kazi hiyo mwaka 1990, aliwataja kwa majina: Paul Mbuya Akoko, Oruka Rang'inya, Stephen M'Mukindia Kithanje, Okemba Simiyu Chaungo na wengine. Aliandika walichosema, sababu walizozitoa, na mahali walipopingana na mila za watu wao. Alitenganisha mzee anayezijua mila na kuzikariri na mzee anayezipima na kuzikosoa. Tofauti hiyo, ambayo ndiyo mwanzo wa falsafa, haionekani kabisa ikiwa wote wawili wameandikwa "wazee wanasema".

Wanahistoria wa hapa pia walithibitisha kwamba simulizi linaweza kuingia chuoni bila kupoteza heshima. Henry Mwanzi alitoa historia yake ya Wakipsigis mwaka 1977, na Taaitta Toweett, mwanasiasa na mtaalamu wa lugha, akafuata mwaka 1979 na kitabu kuhusu historia simulizi ya watu wake. Na jamii ambayo ilimtaja babu mmoja baada ya mwingine mbele ya mtoto mchanga, ikisubiri chafya, haiwezi kusemwa kwamba haikujali majina.

Hata hivyo, kutaja jina si wema kila mara. Februari 2023 BBC ilirusha uchunguzi kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba ya chai ya kampuni mbili kubwa za eneo hili, ambao zaidi ya wanawake 70 waliuzungumzia. Waathiriwa walilindwa, na ilikuwa haki walindwe, maana kazi yao, nyumba wanayolala na usalama wao vilikuwa mikononi mwa watu walewale ambao wanawake hao waliwashtaki. Lakini waandishi wa habari walijua wanazungumza na nani. Walikuwa na watu halisi ambao maelezo yao yangeweza kulinganishwa na kuhojiwa. Jina lilifunikwa ili kumlinda aliyesema.

Katika insha nyingi za wanafunzi, jina hufunikwa kwa sababu nyingine: ni mazoea. Mzee aliyeeleza kwa fahari historia ya rika lake anajikuta ameandikwa "Mhojiwa wa 7", bila mtu kumuuliza kama alitaka kufichwa. Ridhaa inapaswa kuombwa pande zote mbili. Anayeogopa afichwe kabisa, na asiyeogopa aulizwe kama angependa aliyoyasema yaandikwe kwa jina lake. Kumfanya nambari mtu aliyetaka kutajwa ni kumnyang'anya, hata kama fomu ya maadili ya utafiti imejazwa vizuri.

Kenya ina sababu nyingine ya kulijali suala hili la kutaja chanzo. Vijana wengi waliohitimu vyuo vikuu nchini wamekuwa wakiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo. Filamu ya *The Shadow Scholars* ya mwaka 2024, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford anakutana na waandishi hao, imeonyesha akili kubwa inayotumika humo. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 dhidi ya biashara ya insha hizo. Waandishi hao wanazijua kanuni za kunukuu za APA, MLA, Harvard na Chicago barabara. Hawakosei hata koma. Katika karatasi wanazoziuza, kila profesa wa Ulaya na Marekani aliyenukuliwa ametajwa inavyopasa. Jina pekee la uongo ni lile lililo kwenye jalada. Hakuna mfano unaoonyesha wazi zaidi kwamba mtu anaweza kuzitii kanuni zote za kunukuu na bado kazi nzima ikawa imekosa uaminifu.

Sasa kuna programu za akili unde, zinazoweza kutunga rejeleo lenye mwandishi, mwaka na jarida, ilhali makala yenyewe haipo duniani. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizizua. Mwanafunzi wa Bomet anaweza kufanya kosa hilohilo kwa dakika moja, na programu ya kupima ulinganifu haitamkamata, kwa kuwa maneno hayo hayafanani na ya mtu yeyote. Wataalamu wa hadithi wangelitambua tatizo mara moja: isnadi imepangwa vizuri, lakini ndani yake hamna mtu hata mmoja.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kuupanua mlango wa ushahidi na papo hapo kuukaza. Kanuni za APA, zinazotumika katika vyuo vingi vya Kenya, huyataja mahojiano binafsi ndani ya maandishi tu na kuyaacha nje ya orodha ya mwisho, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata. Toleo la saba, la mwaka 2019, limeongeza mwongozo kuhusu mapokeo simulizi ya watu wa asili. Nchini Kanada, mkutubi Lorisia MacLeod, ambaye ni wa jamii ya Wacree, aliona haitoshi. Alichapisha mwaka 2021 violezo vinavyomweka mzee katika orodha ya marejeleo pamoja na vitabu: jina lake, jamii yake, anakoishi, mada aliyoifundisha na tarehe.

Hakuna kinachoizuia idara ya historia au ya theolojia katika vyuo vya Kericho na Bomet kuwa na kiolezo chake. Kinaweza kutaja jina, ukoo, kijiji, rika kwa wanaume, liwe la Nyongi au la Maina, nyumbani alikozaliwa na alikoolewa kwa wanawake, tarehe na mahali pa mazungumzo, na, muhimu kuliko yote, msimulizi alilisikia jambo hilo kwa nani. Maneno yenyewe yaandikwe kwa Kikipsigis kando ya tafsiri, ili kosa la mfasiri lisihesabiwe kuwa la mzee. Rekodi ihifadhiwe maktabani kwa ridhaa yake, ambapo mtahini wa nje anaweza kuisikiliza.

Hili halimfanyi mzee kuwa hakimu wa mwisho. Wazee hukosea, husahau, na wakati mwingine huusafisha ukoo wao katika masimulizi, kama wafanyavyo waandishi wa vitabu. Akitajwa kwa jina, anaweza kulinganishwa na mzee wa kijiji cha pili, na Orchardson, na jalada la wilaya lililoko kwenye Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Akiachwa bila jina, hawezi hata kupingwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya wahadhiri. Mwanafunzi akiuliza kama mazungumzo na nyanya yake yanahesabiwa kuwa chanzo, ajibiwe ndiyo, kisha aulizwe ni nani mwingine aliyezungumza naye ili kuyahakiki, na wapi walitofautiana.